Lete, Lete, Hapo Hapo

Kila mwaka ikifika Juni, mazungumzo ya vimbwetani yanakuwa mamoja: umepata wapi PT? Wenye wajomba kwenye makampuni makubwa wanatulia, wanakunywa soda. Sisi wengine tunatuma barua mpaka bando linaisha. Mwaka jana mimi niliangukia Karatu, kwa mkandarasi mdogo aliyekuwa anajenga vyoo na mabafu kwenye kambi ya watalii. Vyoo, ndiyo. Mwenzangu mmoja wa Civil alikuwa kwenye daraja, ananitumia picha za nguzo. Mimi namrudishia picha za masinki. Alinicheka wiki nane nzima.

Lakini kilichonifanya niandike hapa si vyoo. Wiki ya pili mwenye kambi alinikuta napima kina cha mfereji, akauliza: "Wewe ndiye injinia wa chuo?" Nikamwambia bado, bosi, niko mwaka wa pili. Akasema inatosha. Alitaka nimchoree ramani ya maegesho ya kambi nzima, nafasi zenye namba, 1 mpaka 20, ili mgeni akifika mapokezini apewe namba yake aende mwenyewe. "Nimechoka kumwambia mgeni asubiri mpaka mzee aje aangalie ardhi," akasema. Angenipa elfu hamsini. Wenzangu mnajua hali ya mfuko bumu likishakatika. Nilikubali siku hiyo hiyo.

Sasa niwaeleze ni magari gani haya, maana wengi tukisikia utalii wa Karatu tunawaza Land Cruiser zilizopasuliwa paa. Hizo zipo, zinapita kwa misururu asubuhi kuelekea lango la Lodoare. Lakini kuna aina nyingine: malori yaliyogeuzwa nyumba. Mtu ametoka Ujerumani au Uholanzi, amenunua lori kuukuu la jeshi au la zimamoto, nyuma akapachika boksi lenye kitanda, jiko, choo, jokofu na madirisha yenye mapazia. Anaendesha nyumba yake kutoka Ulaya mpaka Karatu. Vijana wa pale wanayaita gari-nyumba. Mengine ni tani tatu, mengine saba, nimeona hata la tani kumi na mbili. Pia yapo yale malori ya abiria ya safari ndefu, yanayotoka Nairobi yakielekea kusini na watalii ishirini ndani, kila mtu na hema lake.

Haya makubwa mara nyingi hayapandi juu Ngorongoro. Gari la namba za nje linatozwa ada kubwa kuliko la namba za kwetu, na ada inapanda na uzito. Kibali cha kuingia nacho ni cha saa 24. Halafu kreta yenyewe hairuhusu gari lolote lisilo la kuvuta matairi yote manne, na hakuna kulala kule chini. Jioni wote mnatolewa. Kwa hiyo mwenye gari-nyumba anapiga hesabu, analiacha lake Karatu, anakodi Land Cruiser ya siku moja. Ndiyo maana Karatu, mji uliozungukwa na mashamba ya mahindi, maharage na mbaazi, umejaa kambi za kulaza magari mazito kwenye udongo mwekundu wa mteremkoni. Na hapo ndipo anapoingia Mzee.

Sitamtaja jina, hajanipa ruhusa na hapendi mambo ya magazeti. Ni Mwiraqw wa pale pale, mlinzi wa kambi kwa karatasi za ofisi. Mshahara wake ni wa mlinzi. Ila kazi aliyokuwa anaifanya kuanzia saa tisa alasiri mpaka giza, magari yanapoingia, haina cheo kwenye karatasi yoyote niliyoiona. Alikuwa anayaweka magari.

Nilianza kumfuata na daftari langu la PT ili nichore ramani haraka niondoke. Siku ya kwanza nilidhani ni mtu wa mbwembwe. Gari linaingia, yeye haliangalii. Anaangalia chini. Anatembea hatua kumi, anachuchumaa, anaangalia nyasi zimelalia upande gani. Anainua kichwa, anaangalia matawi. Kambi ina mikaratusi mirefu upande wa juu, kivuli kizuri, na kila mgeni anataka kukaa chini yake. Yeye hamweki mtu pale. Mkaratusi unaangusha tawi hata siku isiyo na upepo, na tawi lenyewe lina unene wa paja. Tena magari haya yana sola juu ya paa. Ukilificha kivulini, jioni wanakuja kuomba umeme. Mgrevilia afadhali, matawi yake mepesi.

Halafu upepo. Julai mpaka Septemba Karatu kuna baridi kali, na upepo unatokea kusini-mashariki karibu kila siku, unaanza kukaza mchana. Mzee anataka mgongo wa gari uupe upepo, mlango uwe upande uliojikinga. Mgeni anataka mlango uangalie mandhari. Hapo panakuwa na majadiliano, na Mzee kwa Kiingereza chake cha maneno arobaini hivi huwa anashinda, kwa sababu anamwambia mgeni afungue mlango kwanza, amwache dakika moja na vumbi.

Kitu kilichonifanya nifunge mdomo ni mteremko. Gari-nyumba lazima likae sawa. Siyo anasa. Mengi yana jokofu la gesi, lile lisilo na kompresa, ambalo amonia yake inashuka yenyewe kwa uzito wake kwenye mabomba. Gari likiinama sana amonia inakwama na jokofu linaacha kupoza, nyama inaoza. Maji ya sinki hayatoki. Na mtu akilala kichwa kikiwa chini ya miguu, anaamka asubuhi na kichwa kinamgonga. Kwa hiyo wanatembea na kabari za plastiki za kupandia tairi, na wengi wakifika wanaanza kuzipanga ovyo, wanapanda, wanashuka, wanapanda tena, mke nje na mume ndani wanagombana kwa lugha yao.

Mzee ana msemo wake: "Gari haliinuliwi, linageuzwa." Nikalichukua neno lile usiku nikalipigia hesabu. Chukua gari lenye mita 3.6 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Lisimamishe likitazama mteremko wa asilimia 3, ambao kwa macho unauona kama tambarare. Tofauti ya mbele na nyuma ni karibu sentimita 11. Sasa ligeuze likae sambamba na kilima, ubavu ukiangalia bondeni. Kati ya tairi la kulia na la kushoto ni mita 2 tu, tofauti inashuka mpaka sentimita 6. Kabari moja ndogo chini ya matairi mawili ya upande wa chini, kwisha. Asubuhi nikamwonyesha. Akaangalia zile namba kwa heshima, akasema, "Sawa mwanangu, sasa na wewe umejua." Akaongeza kwamba wazee wa kwao kule Mbulu walikuwa wanachimba nyumba ndani ya kilima, ubavuni, na hawakuwa na pima maji. Yeye anayo, lakini ni chupa ya maji ya Kilimanjaro iliyojazwa nusu, anailaza kwenye ngazi ya gari.

Wiki ya tatu akaniweka niwe mwongozaji, yaani utingo. Hapo nikajifunza kazi nyingine kabisa. Dereva wa lori anaporudi nyuma haoni kitu. Anaona vioo viwili na wewe. Sheria ya kwanza ya Mzee: usisimame mahali ambapo wewe huoni uso wa dereva kwenye kioo, maana na yeye hakuoni. Kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo utingo wa Kitanzania amezoea kusimama upande wa kulia wa dereva. Magari ya Ulaya usukani uko kushoto. Ukisahau ukasimama kulia, unapiga kelele peke yako na lori linakuja.

Na kelele zenyewe! Kwa madereva wetu ni muziki: lete, lete, lete, kata kulia, kata yote, nyoosha, lete, hapo hapo, simama! Kwa Mzungu, "lete" anasikia kama neno la Kiingereza la kushoto. Nimeshuhudia Mholanzi akikata kushoto kila nikisema lete mpaka akakaribia kukwangua bafu letu jipya, ambalo rangi yake ilikuwa haijakauka. Tangu siku hiyo kwa wageni tulitumia mikono mitupu: viganja vikija kifuani ni njoo, mkono mmoja pembeni ni upande wa kukata, mikono miwili ikipishana juu ya kichwa ni simama hata kama huelewi kwa nini. Hiyo ya mwisho ikumbukeni.

Madereva wa malori ya safari walifurahi sana kuongozwa na msichana. "Leo sista ndiye anatuweka," wanasema, wanacheka. Dereva mmoja kutoka Nairobi alikataa kabisa, akashuka akamwita Mzee. Mzee akasema ana kazi, akaenda kukaa kwenye benchi. Tulitazamana pale kama dakika tano, abiria ishirini wakiwa ndani na njaa. Mwishowe akapanda akawasha. Nilimweka vizuri, na kesho yake alfajiri akanipigia honi ya kuaga.

Katikati ya Agosti nilipata bahati ya kupanda juu. Mpishi wa kampuni moja ya safari alikuwa na nafasi kwenye gari la mizigo, nikalipa kiingilio cha Mtanzania, nikalala usiku mmoja Simba, kambi iliyo ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Nawashauri mwende, ila na masweta mawili. Kutoka ukingoni mpaka sakafu ya kreta ni kama mita 600 kwenda chini, na asubuhi ukungu unajaa humo mpaka unadhani ni bakuli la maziwa.

Nilitaka kuona magari yanawekwaje pale. Hakuna namba. Ni uwanja wa majani, mti mkubwa, majengo ya kupikia na kulia, na tangi la maji. Madereva wa zamani wanaacha njia pana kati ya tangi na msitu, hakuna anayepaki humo hata uwanja ukijaa. Tembo wana kawaida ya kuja kunywa kwenye tangi, na tembo hageuzi njia kwa sababu ya hema lako. Kila gari pua inaangalia mlango wa kutokea, chakula chote kinaingia jengoni. Usiku nilisikia majani yanakatwa karibu na sikio langu, nikafungua zipu kidogo: pundamilia watatu, na nyuma yao kivuli kikubwa kinapita polepole kwenye ile njia iliyoachwa wazi. Hakikugusa chochote. Sikulala tena, ila haikuwa kwa woga tu.

Mpishi kwao ni Endulen, ndani ya hifadhi. Tukiwa tunaosha masufuria nikamweleza kuhusu ramani yangu na namba 1 mpaka 20. Alicheka kidogo. Akasema kaka yake naye ana namba siku hizi, namba ya nyumba kule Msomera. Mnajua habari hizi: eneo la Ngorongoro lilitengwa mwaka 1959 kwa utaratibu kwamba watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja, na tangu 2022 serikali imekuwa ikihamishia familia Msomera, wilayani Handeni, kwa maelezo kwamba idadi ya watu na mifugo imezidi na kwamba kuhama ni kwa hiari, wapo wenyeji waliokubali na wapo wanaolipinga jambo hilo mpaka leo. Mimi ni mwanafunzi wa zege na udongo, mjadala huo una wenyewe. Nilimuuliza tu kaka yake anaonaje huko. Akasema nyumba ni nzuri, ina bati. Akanipa sufuria nyingine niifute.

Nilirudi Karatu na ramani yangu ikiwa imekwisha kwa penseli. Nafasi 20. Nilikuwa nimeweka mishale ya mteremko, alama ya upepo, duara za mikaratusi. Ila kuna kona moja ya chini, yenye mandhari nzuri kuliko zote, unaona msitu wa milima ya Ngorongoro wote mbele yako. Mimi niliipa namba 17. Mzee alikuwa bado hajaipitia ramani.

Jumamosi moja saa kumi na moja jioni likaingia gari la Wajerumani wawili, wastaafu, mke na mume, lori la tani saba na nusu. Walikuwa wametoka mbali na wamechoka. Mama alikuwa na simu mkononi, kuna programu wasafiri wanaandikiana humo kambi zipi nzuri, na mtu aliyekaa pale na hema alikuwa amesifia kona ile ile. Bosi alikuwa mapokezini. Akawaambia karibuni, ni yenu. Lori likaanza kushuka kinyumenyume.

Mzee akatoka mbio upande wa jikoni, sijawahi kumwona anakimbia, akasimama katikati ya ile kona, mikono miwili ikipishana juu ya kichwa.

Lori likasimama. Mzee anasema hapana, hapa laini, hapa shimo. Mume anaangalia chini, anaona majani kama majani mengine, anakanyaga kwa kisigino, pagumu. Mama anaonyesha simu. Bosi akafika, na mbele ya wageni akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini: "Mzee, hii ndiyo tabia ninayoisemaga." Mzee akajibu kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipojengwa lami ya Makuyuni mpaka langoni kwa msaada wa Japani, vibarua walipanga hapa, na choo chao kilikuwa hapa, aliposimama. Walipoondoka kikafukiwa kwa kifusi na majani ya mahindi. Bosi alinunua shamba baadaye, hakukuta alama yoyote. Akanigeukia: "Injinia, wewe ndiye umepima. Waambie hapo pako salama."

Nilikuwa na sababu zote za kusema ndiyo. Elfu hamsini. Fomu ya tathmini ya PT ambayo mkandarasi anaisaini, na mkandarasi analipwa na bosi. Wageni wawili waliochoka. Na kona yenyewe kwa macho ilikuwa nzima. Nikasema, "Bosi, nipe dakika kumi," nikaenda stoo nikachukua kipande cha nondo ya milimita 12, mita moja na nusu, na nyundo.

Nilianza nje ya kona. Nondo inagoma. Nyundo kumi na tano, imeingia sentimita ishirini. Nikasogea mita tano, vile vile. Kisha nikasimama aliposimama Mzee. Juu palikuwa pagumu, kama kiganja kimoja cha udongo uliokanyagwa miaka. Nikapiga mara tatu, nikasikia mkono unakwenda. Niliweka nyundo chini nikasukuma kwa mikono miwili tu. Ilizama mita nzima. Nilipoitoa ncha ilikuwa na kitu cheusi chenye unyevu, Agosti hiyo, kipindi ambacho Karatu nzima ni vumbi.

Nikamwelezea yule mume kwa Kiingereza cha darasani, na hapa nashukuru mhadhara mmoja wa udongo niliokuwa nimeufuata kweli. Mimi nina kilo 60, nyayo zangu mbili zinakandamiza ardhi kwa kama kilopaskali 20. Tairi la lori linaikandamiza ardhi kwa karibu kiasi cha upepo ulio ndani yake. La kwake lilikuwa na bar 5, hizo ni kilopaskali 500. Mara 25 yangu. Kwa hiyo mimi nikisimama pale, au hema, au meza ya chai, hakuna kinachotokea miaka kumi. Ekseli yake ya nyuma ikisimama pale usiku mmoja, lile ganda la juu linaweza kupasuka, na wao wamelala ndani, na chini yao ni bonde.

Hakusema kitu. Alichukua nondo akaisukuma mwenyewe. Kisha akamfuata Mzee akampa mkono, muda mrefu kidogo. Mama akarudisha simu mfukoni. Tuliwaweka mita tisa kutoka pale, sambamba na kilima, mgongo kwenye upepo, kabari moja, chupa ya maji ikalala sawa kabisa. Mandhari ni yale yale. Walikaa siku nne.

Bosi hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Jioni ile alikuja na chapati akakaa na sisi. Ila alikuwa na mpango wake na hakuuficha: ramani ikishapigwa laminesheni, Januari angeleta vijana wawili wa kampuni ya ulinzi, wenye sare na redio, na Mzee apumzike. "Sasa maarifa yake si yatakuwa kwenye karatasi?" akaniuliza. Swali hilo lilinikaa. Tunafundishwa kuchora vizuri sana. Sikumbuki somo hata moja lililouliza mchoro ukishamalizika nani anapoteza kibarua.

Wiki mbili za mwisho nilizunguka na Mzee na nondo, kona kwa kona. Tulipata shimo lingine dogo, bomba la zamani lililokatika, na sehemu mbili ambazo alisema masika maji yanapita juu, kiangazi huoni. Ramani ikatoka nafasi 14, siyo 20. Bosi alikunja uso. Kona ya chini ilibaki na duara jekundu na maandishi: "Hema tu. Gari lolote marufuku." Nilitaka kuandika sababu, bosi akasema mgeni hawezi kusoma neno choo akiwa anakunywa kahawa. Hapo nilimwachia. Chini ya ramani, mahali pa mchoraji, niliandika majina mawili, la kwanza si langu. Na pembeni nikaandika kwamba magari ya zaidi ya tani tano yasiwekwe bila mtu anayeijua ardhi kuwapo. Kauli hiyo bosi aliisoma mara mbili. Aliiacha.

Msimamizi wetu alipokuja kukagua PT aliuliza kipimo kile cha nondo nilifundishwa na nani, maana kwenye daftari nilikuwa nimekiandika kwa kurasa tatu na vyoo kwa ukurasa mmoja. Nikamwita Mzee. "Shikamoo," akasema mhadhiri wangu. "Marahaba." Wakaenda wote wawili mpaka kule chini wakachuchumaa. Sikusikia walichoongea, nilipigiwa simu na fundi, sinki lilikuwa linavuja.

Mzee alinipigia Novemba, nikiwa vimbwetani najiandaa na testi. Alitaka kujua kama nimefaulu, nikamwambia bado hawajatoa. Akasema vuli imeanza na ile kona imeshuka shubiri nzima usiku mmoja. Nikamuuliza kulikuwa na hema. Akasema hapana, alishaweka mawe kuizunguka siku nilipoondoka. Vijana wa sare wameletwa mapema, wamefika wawili, mmoja ana akili, anajua kusimama upande wa kioo cha dereva. Mwingine bado anapiga kelele. Nikamuuliza, na wewe Mzee, Januari? Akasema bosi hajamwita, na yeye hajauliza. Halafu akaniaga haraka, kuna lori lilikuwa linaingia.